Msiba wa Rubani

"Lieni, jamani! Mnalia kama mliopotelewa na kuku?" Geua aliwafokea wenzake.

Wanawake wakapandisha sauti. Katikati yao, juu ya jamvi, alilala mtu aliyefunikwa gubigubi. Miguu tu ndiyo ilikuwa nje, nayo imepakwa masizi ili weupe wake usionekane. Chini ya shuka, mtu huyo alikuwa anahema.

Ndiye rubani. Jana ndege yake ndogo ilishindiliwa magunia ya unga haramu mpaka ikashindwa kuinuka, ikajibwaga kwenye minazi ya Geua. Wenye mzigo waliokoa magunia, si mtu. Geua, akiwa amejibanza migombani, aliwasikia kwa masikio yake: "Huyo ameziona sura zetu. Kama hajafa, tutatuma mtu aje ammalize."

Alimkuta amevunjika paja, damu inamchuruzika. Mzungu, mgeni, tena mhalifu. Lakini alimwita mama, na Geua hakuweza kumwacha.

"Boti!" Kone alisema. Huyu Kone aliuonja unga uliomwagika akidhani ni chokaa ya kutafunia popoo. Tangu jana hajapata lepe la usingizi, na kwa kulia leo hana mpinzani.

Akashuka mwanamume mwenye miwani myeusi, begi begani, hatua za haraka kama mtu aliyetumwa. Geua akajiinamisha juu ya maiti wake ili pumzi zisionekane.

"Mama, mimi nime..."

Kone akaangua kilio. Pwani ile ya Papua, mtu hasemi shida yake msibani kabla hajalia. Hata askari huvua kofia akalia kwanza. Na waliaji wakiamua kutonyamaza, nani atawanyamazisha? Kila mgeni alipofungua kinywa, walimzamisha. Mwisho akapiga magoti, akalia naye, machozi yakimtiririka.

"Hodari wa kuigiza, huyu," Kone alinong'ona.

"Wewe unaigiza kwa unga, yeye kwa mshahara. Lia!"

Mgeni alipotulia, Geua akamuwahi. "Huyu ni kaka yangu Lohia, ndege ilimwangukia shambani. Kama unamtaka rubani, wenzake walimbeba jana ileile."

Mgeni akakunja uso. "Basi nimechelewa."

"Umechelewa, mwanangu."

Akaingiza mkono begini. Geua akafumba macho, akambana rubani kama kuku anavyofunika vifaranga. Lakini kilichotoka kilikuwa furushi la kitambaa. Mgeni akaliweka miguuni pa maiti.

"Ni aibu kuja msibani mikono mitupu. Sina sago wala samaki. Pokeeni hiki."

Akaondoka. Injini ilipounguruma, wanawake walikumbatiana wakicheka hadi popoo zikawatoka mdomoni.

"Amka, mwanangu, adui kaenda!" Geua akafunua shuka. Rubani hakuitika. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na pumzi zilikuja moja moja, kwa mbali.

"Mpe maji," Kone alisema, huku akilifungua furushi aone adui kawaachia nini.

Bandeji. Sindano. Dawa ya kuzuia damu. Chupa mbili za dripu.

Geua alikimbia mpaka maji yakamfika kiunoni, akipiga mayowe, mikono kichwani. Kule mbali, yule mtu alisimama botini, akavua miwani, akainua mkono taratibu kuwaaga wafiwa.