Jiko la Miaka Mia Sita

Siku hizi ukuta hauna siri. Ukiubandika kifaa kidogo mfano wa kikombe cha kahawa, ukuta unarudisha maneno uliyowahi kuyasikia, hata kama waliosema walishaoza zamani. Ndiyo maana Bi Mwanashehe na mumewe, Mzee Chimera, walidamka kwenda kutembezwa kwenye magofu.

Mtembezaji aliwaingiza katika jiko lililojengwa miaka mia sita iliyopita, akabandika kifaa chake. Ikatoka sauti ya mwanamke: "Wali umeungua tena. Mume gani wewe, unaachiwa chungu unasinzia?"

Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu, na Bi Mwanashehe akawashinda wote.

Jioni, nyumbani, alimkuta mumewe ameacha maziwa yamefurika, jiko zima limechafuka. Alifungua kinywa, akautazama ukuta, akameza mate.

"Maziwa si kitu, mpenzi wangu," alisema kwa sauti ya kusikika vizuri.

Mzee Chimera naye akautupia ukuta jicho. "Ahsante, nuru yangu. Nakupenda."

Tangu hapo nyumba yao ni asali tupu. Ila kila akiambiwa anapendwa, Bi Mwanashehe hutamani kumshika mumewe mkono, amtoe nje mpaka uwanjani pasipo ukuta, kisha amwulize kama ni kweli.