Penye Kitovu

Udongo wa mfinyanzi haunywi maji, na kila mvua ikinyesha uwanja mdogo wa Mzee Shekue uligeuka dimbwi. Asubuhi hiyo alikuwa akichomeka jembe uma kwenye nyasi na kujaza mchanga matunduni ili maji yapate pa kupenya. Alipofika penye mkomamanga, akaparuka.

"Mbona pale umepaacha, baba?" aliuliza bintiye Zawena, aliyekuja jana akisema anapita tu. Begi lake lilikuwa bado mlangoni.

"Mama yako alizika kitovu chako pale. Naogopa kupachoma."

"Kwa hiyo kilowe maji miaka yote hii?"

Zawena akavua viatu mlangoni, akalichukua jembe, akalisimika penye mkomamanga na kulikanyaga mpaka meno yakazama.

Alasiri mvua ikanyesha. Maji yakatuama, kisha yakaanza kunywea taratibu.

"Yanashuka!" mzee akapaza sauti, akageuka.

Viatu vilikuwa palepale mlangoni. Begi halikuwapo; lilikuwa limeingizwa ndani.