Bangili ya Waliotulia

Kitu cha kwanza alichokiona Kokugonza ni kwamba mahema ya watu waliolia yalibaki kwenye tope. Tangu tetemeko la ardhi, nyumba mpya walipewa waliotulia. Kila kaya ilimvalisha mtu mmoja bangili inayosoma mapigo ya moyo. Ikikaa kijani siku arobaini, mnapata ufunguo. Ikigeuka nyekundu, mnaanza upya.

"Mvalisheni Koku," shangazi yake alisema. "Huyu hata akikanyagwa, yeye ndiye anayeomba samahani."

Wakacheka. Akavaa, akajifunza kupumua kama mtu aliyelala.

Siku ya arobaini afisa akaja na ufunguo. Ndani ya hema, watoto wa shangazi walikuwa wakikohoa.

"Hongera, dada. Laiti wengine wangekuwa kama wewe! Tumewafukua watu wote, na bado wanatulalamikia."

Bangili ikaanza kutetemeka kwa onyo.

"Pumua, Koku mwanangu," shangazi akanong'ona. "Nakuomba. Watoto hawa."

"Hamkuwafukua wote," Kokugonza alisema, na taa nyekundu ya bangili ikammulika afisa usoni. "Mlipoondoa mashine yenu, mama yangu alikuwa bado anagonga bati chini ya kifusi. Nilimsikia. Nilikuwa nimesimama karibu yenu, nikanyamaza."