Miguu ya Shakwe

Haya ni kweli tupu, ulimi wangu na uoze kama nadanganya. Mbaruku na shemeji yake Zume, wakiwa mwambani na kafi zao, walimbishania shakwe aliyekuwa akielea karibu na soko la samaki. Wako shakwe wa aina mbili wenye mgongo mweusi, huwatofautishi mpaka uone miguu: ya manjano au ya waridi.

"Manjano huyo," alisema Mbaruku.

"Waridi, shemeji. Nikikosea ning'oe jino."

"Nami vivyo hivyo."

Miguu ilikuwa majini, na pale ni mwiko kumkurupusha ndege anayebishaniwa. Wakasubiri mpaka subira ikawashinda. Mbaruku alimtandika Zume kwa kafi, Zume akamvunja pua kwa kichwa, maji yakageuka mekundu. Wakiwa wamekabana koo, shakwe akapanda mwambani mbele yao taratibu: mguu mmoja wa manjano, mwingine wa waridi.

Zume akachomoa koleo. "Fungua kinywa, shemeji."

"Anza wewe."

Hapo Bi Mgeni, muuza kahawa wetu hapa barazani, akashusha dele na kunikatiza. "Mzee, miguu rangi mbili? Mwongo wa baraza hili huwanunulia wote kahawa."

Nikalipa. Wale wawili nimewaacha pale pale mwambani, vinywa wazi, wakinyang'anyana koleo.