Tarehe Mbili, Mwezi wa Nne

Binti yake alikuwa ametandaza mezani kalenda na utabiri wa siku ya kuchanua kwa maua ya micheri. Morio aliketi akiwa amepakata sanduku dogo lenye majivu ya mkewe, limefungwa kwa kitambaa cheupe.

"Baba, siku ya arobaini na tisa tangu Mama afariki, siku ya kuzika majivu, ni tarehe mbili, mwezi wa nne. Maua yatakuwa yamechanua yote. Kyoto itafurika watu."

"Mmh."

"Mtawa wa hekalu la huko anasema kuchelewesha maziko ni mwiko, lakini kutanguliza ruksa. Twende wiki ijayo tukamzike. Kuna baridi kidogo, ila mji mtupu. Si wewe ndiye hupendi kubanana?"

Kweli. Miaka thelathini na moja mkewe aliomba wakaone maua Kyoto. Kila mwaka yeye alimpeleka mwezi wa sita, wakati wa mvua, kwa kuwa hakukuwa na foleni.

"Baba nanii," mkewe alikuwa akisema chini ya mwavuli, "hata konokono leo wamebaki kwao."

Morio alitafuta machozi, hakuyapata. Aliona tu kwamba fundo la kitambaa limelegea. Akalifungua, akalifunga upya, akalikaza mpaka kucha zikamuuma.

"Tarehe mbili," alisema.

"Baba! Hoteli zimejaa. Na kwenye basi utasimama saa nzima na hilo sanduku!"

"Nitasimama."

"Watakukanyaga!"

"Wanikanyage. Wewe nitafutie basi linalopita kwenye miti mingi."