Malaika wa Jade

Kwa miaka tisa Bi Mwanasha alisafisha jumba la makumbusho la mji ule, na kwa miaka tisa alimwona malaika wa Kibuddha, aliyechongwa zamani huko Uchina kwa jiwe la kijani la jade, akianguka ubavu juu ya rafu yake kila mlango ulipobamizwa. Asubuhi moja akaanguka tena. Mkuu wa jumba, Bwana Tufaili, akamwita.

"Umemgusa tena, Bi Mwanasha. Leo ndiyo siku yako ya mwisho hapa."

"Nitaondoka, bwana. Lakini huyu nampangusa vumbi kila siku, na hakuchongwa asimame. Niruhusu nikuonyeshe."

Akamchukua kwa viganja viwili, akamlaza kifudifudi juu ya kitambaa. Mara utepe wa mabegani ukawa unapepea nyuma yake, na yale yaliyodhaniwa mikunjo ya nguo yakawa mawingu chini ya tumbo. Malaika alikuwa anaruka.

Bwana Tufaili akamvutia kiti.

"Keti, mama. Na hawa wengine unawaonaje?"

Ndani ya kabati la vioo walikuwa wamesimama malaika wengine sita wa jade. Bi Mwanasha akanyoosha mkono kwa wa kwanza.