Kalibu ya Kuazima

Siku hizi mama huvaa hereni ya redio na mtoto bangili yake, wasikizane popote walipo. Zangu na za mwanangu Salha nilizitengeneza mwenyewe. Niliazima kalibu, chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyuka, kwa jirani, Mama Zamda, nikayeyusha beseni bovu, nikamimina, nikapaka shaba kama tulivyofunzwa darasa la jioni. Zilipong'aa niliruka kwa furaha.

Leo nikiwa kazini nilimwimbia Salha, akacheka sikioni mwangu. Mara Mama Zamda akaitikia wimbo, sikioni humo humo.

“Mama Zamda, umeingiaje huku?”

“Si kalibu yangu ile, shoga? Hereni yangu nayo ilitoka humo humo, ndiyo maana zinasikizana. Tangu asubuhi naongea na mjukuu wangu Salha.”

Tulicheka sana. Jioni nilifika mlangoni, nikamwita mwanangu. Salha akatabasamu, akageukia ukuta wa jirani, kana kwamba aliyemwita ni Mama Zamda.